UZI: Buro ya Bunge la Afrika ina watu watano tu. Nani hasa anaamua?

#1 Mzee wa Bombo
Hamjambo humu. Swali langu ni moja lakini lina mikia mingi.

Itifaki ya Bunge la Afrika (lile la Midrand, Afrika Kusini), ibara ya 12, inasema wabunge watachagua kwa kura ya siri Rais mmoja na makamu wanne, wakiwakilisha kanda za bara. Hao watano ndio Buro. Kazi zao zinajulikana: kusimamia shughuli na mali za Bunge, kuandaa rasimu ya ajenda na ratiba ya mkutano, kuandaa rasimu ya bajeti, kupendekeza muundo wa sekretarieti, kuratibu kamati za kudumu zisikanyagane. Katibu wa Bunge na manaibu wake wawili wanawasaidia.

Kwenye karatasi ni watu wazito. Lakini fuatilieni tangu Bunge lizinduliwe Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004. Kila Buro inapokwama, aliyeikwamisha au atakayeikwamua yuko nje ya wale watano. Mara Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika, mara spika wa nchi fulani, mara kundi la kanda. Nadai hivi: Buro ni meza ya mapokezi, wenye nyumba wako ndani. Nipingeni.

#2 Rolex ya Wandegeya
Mimi nikisikia buro najua ni pale Kampala Road unabadilisha dola. Kumbe wabunge nao wana yao. Navuta kiti.

#3 Mwanasheria wa Jinja
Mzee, umeruka sentensi ya ibara hiyohiyo. Maofisa hao wanafanya kazi chini ya usimamizi na maelekezo ya Rais, na kwa kufuata maagizo ambayo Bunge litatoa. Usiwachukulie kama watu watano wenye sauti sawa. Rais ana mkono mrefu kuliko wenzake, na wote wako chini ya mkutano mzima.

Halafu makamu hawalingani hata wao kwa wao. Wa kwanza mpaka wa nne hupangwa mwanzoni kwa matokeo ya kura: aliyepata nyingi anakaa juu. Watu hudhani ni suala la nani akae kiti cha mbele kwenye picha. Angalia mwanzoni mwa 2024. Rais alikuwa Fortune Charumbira wa Zimbabwe, nchi iliyofanya uchaguzi mkuu Agosti 2023, ikaonekana ujumbe wake wa Midrand umekoma pamoja na bunge lililomtuma. Makamu wa kwanza alitoka Mauritania, nako uchaguzi wa bunge ulikuwa umeshapita mwaka huohuo. Kukaimu kukateremka mpaka kwa makamu wa pili, Ashebiri Gayo wa Ethiopia. Machi 2024 Charumbira akagombea upya na akachaguliwa.

Kwa hiyo tofauti ya nafasi kati ya makamu wa pili na wa tatu iliamua nani ashike Bunge zima.

#4 Binti Koboko
Mwanasheria umegusa kidonda. Kiti cha Midrand kimefungwa kamba kwenye kiti cha nyumbani. Ukiacha kuwa mbunge kwenu, na huko umekwisha, hata kama wewe ni Rais wa Bunge la bara.

Piga hesabu. Chaguzi za Buro zimekuwa zikija kila miaka mitatu: 2009, 2012, 2015, 2018. Mabunge mengi ya nchi yana muhula wa miaka mitano. Ina maana kila mmoja wa wale watano ana nafasi ya 3 kati ya 5 kukutwa na uchaguzi wa kwao akiwa ofisini. Zidisha kwa watano: katika Buro ya kawaida, tegemea watatu wayumbe kabla muhula haujaisha. Hiyo siyo ajali wala uzembe wa mtu, imejengwa ndani ya muundo.

Na kushinda tena jimboni hakutoshi. Bunge jipya la nchi lazima likuteue upya kati ya watano ambao kila nchi hupeleka, jina lipelekwe, kisha uape tena. Spika wa kwenu akichelewa kupeleka majina, unakaa nje ya ukumbi ukiwa mbunge halali wa nyumbani. Hapa kwetu Uganda Bunge la 11 liliapishwa Mei 2021, na mwishoni mwa mwezi huohuo Midrand walikuwa wamekutana kuchagua Buro. Hata kama kila kitu kikienda sawa, muda ni finyu mno.

#5 Boda ya Ntinda
Yaani unampa mtu usukani wa basi la Gulu na permiti yake inaisha Luwero.

#6 Busia Mpakani
Boda 😂😂

Mimi naona wote mnazunguka. Anayeamua ni kundi la kanda. Jina la mgombea linatoka kwenye kikao cha kanda kabla halijafika ukumbini, na huko mlango umefungwa. Sisi Mashariki tuna nguvu kwa sababu tuko wengi: ukiweka Jumuiya ya Afrika Mashariki yote, Burundi na Kongo zikiwemo, nchi 16, kila nchi wabunge watano, kura 80. Nani atatushinda?

#7 Mwanasheria wa Jinja
Busia, hesabu yako ni ya Arusha, yaani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, siyo ya Umoja wa Afrika. Kwenye kanda za Umoja, Burundi na Kongo zote mbili ni Afrika ya Kati. Mashariki ni 14: Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Komoro, Madagaska, Morisi, Rwanda, Shelisheli, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Mtu akitoka Bujumbura kwenda Arusha ni jirani yetu, akienda Midrand anakaa na Gabon.

Dari la kura kama nchi zote 55 zingejaza viti:
Magharibi 15 × 5 = 75
Mashariki 14 × 5 = 70
Kusini 10 × 5 = 50
Kati 9 × 5 = 45
Kaskazini 7 × 5 = 35
Jumla 275. Hali halisi ni pungufu, maana si wote wanaridhia, si wote wanaapa kwa wakati, na si wote wanasafiri.

#8 Busia Mpakani
Nimenyooshwa, asante ssebo. Lakini umenisaidia kuliko kunipinga! Magharibi na Mashariki wakishikana ni 145. Nusu ya 275 ni 137 na ushei. Kanda mbili tu zinaweza kuchagua Rais kila mara mpaka mwisho wa dunia, na Kusini pamoja na Kaskazini, 85 kwa jumla, wakabaki kupiga makofi. Ndiyo maana ile ya 2021 ililipuka.

#9 Kasese Juu
Ya 2021 isielezwe nusu. Orodha ya marais mpaka wakati ule: Gertrude Mongella wa Tanzania (Mashariki), Idriss Ndele Moussa wa Chad (Kati), Bethel Amadi wa Nigeria (Magharibi), Roger Nkodo Dang wa Kameruni (Kati tena). Kati mara mbili, Kusini na Kaskazini bado sifuri. Kusini wakasema: zamu kwanza, kura baadaye. Wenzao wakajibu kwamba Itifaki inataja kura ya siri na wingi wa kura, haitaji foleni. Mashariki tulikuwa na mgombea kutoka Sudan Kusini, Magharibi kutoka Mali, Kusini wakamleta Charumbira. Watu wakashikana mashati ukumbini mbele ya kamera, uchaguzi ukasimamishwa.

Aliyekwamua? Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika. Oktoba 2021 likasema urais uzunguke kati ya kanda, na kwamba safari ile wagombea watoke kanda ambazo hazijawahi kushika, Kusini na Kaskazini. Tarehe 29 Juni 2022 Charumbira akachaguliwa. Mwaka mzima na zaidi Bunge halikuwa na Buro kamili iliyochaguliwa, mpaka mawaziri wa mambo ya nje walipotoa neno.

Hapo Mzee wa Bombo ana hoja. Bunge ambalo kanuni ya kumpata kiongozi wake inaamriwa na mawaziri, Buro yake itajigamba kwa nini?

#10 Mwanasheria wa Jinja
Kasese, facts zako sawa, hitimisho sikubali. Baraza halikumchagua mtu. Lilisema zamu ni ya nani, kura wakapiga wabunge. Arusha zamu imeandikwa ndani ya Mkataba wenyewe na hakuna anayesema Bunge la Afrika Mashariki limeporwa.

#11 Karani Mstaafu
Habari zenu. Mnazungumzia mlango wa mbele tu. Ofisi za namna hii zinaendeshwa na karatasi, na karatasi ziko kwa karani.

Mtiririko wa kazi uko hivi. Buro haikai kila siku Midrand. Mikutano ya kawaida ya Bunge ni angalau miwili kwa mwaka, na kila mmoja hauzidi mwezi. Katikati, Rais na makamu wako nchini kwao wakifanya ubunge wao. Nani yuko ofisini miezi yote hiyo? Sekretarieti. Rasimu ya ajenda inaandikwa hapo, inapelekwa kwa Buro, Buro inarekebisha kidogo na kupitisha. Atakayepinga rasimu lazima aje na rasimu yake, na makamu aliyetua juzi kutoka kwao akiwa na msaidizi mmoja hana muda huo.

Bajeti ndiyo mbaya zaidi. Ni sehemu ya bajeti ya Umoja wa Afrika, mwaka wa fedha ni Januari hadi Desemba. Rasimu hupita kwa kamati ya mabalozi kule Addis Ababa, wanaikatakata, kisha inaidhinishwa kwenye mikutano ya katikati ya mwaka, karibu Juni au Julai. Sasa Buro inachaguliwa Mei au Juni. Ile ya 29 Juni 2022 iliingia ofisini wiki chache kabla ya mawaziri kukutana Lusaka mwezi Julai. Bajeti ya mwaka uliofuata ilikuwa imeshaiva, wao wamekuta sahani mezani. Mwaka wao wa kwanza wanatekeleza mipango ya waliotangulia. Wa pili ndio wao. Wa tatu wanapiga kampeni, au wamerudishwa na wapiga kura wao kama alivyoeleza Binti Koboko.

Ukiniuliza mimi, Buro ya miaka mitatu ina mwaka mmoja wa kufanya kazi.

#12 Boda ya Ntinda
Karani, au Katibu? Tanzania wanasema Katibu wa Bunge, Kenya Karani wa Bunge. Sisi wa katikati tushike lipi?

#13 Karani Mstaafu
Shika lolote, mshahara ni uleule.

#14 Rolex ya Wandegeya
Na posho je? Nasikia wabunge hao wanagombana sana kuhusu posho. Afrika Kusini hakuna unga wa mahindi?

#15 Binti Koboko
Rolex 😂 posho ya huko siyo ugali wetu wa kula na maharage. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wakisema posho ni hela ya kujikimu. Itifaki ibara ya 10 inasema wajumbe watalipwa posho ya kugharamia kutimiza kazi yao, na tatizo la miaka yote limekuwa nani atoe: mfuko wa Umoja au bunge la nchi. Inayotolewa na bunge la nchi ina kamba, maana anayelipa tiketi anaweza kuacha kuilipa. Buro inapanga mkutano wa kamati, nchi zenye fedha zinaleta watu, zisizo nazo haziji, akidi inayumba. Kamati isiyotimiza akidi haipeleki ripoti, na ajenda ya Buro inabaki na matundu.

#16 Mzee wa Bombo
Basi mmenipa nguvu. Nawaletea kisa ambacho kiko wazi kwa wote: Mei 2019. Makamu wa kwanza wa Rais alikuwa Stephen Masele wa Tanzania. Kulikuwa na mvutano ndani ya Buro kati yake na Rais Nkodo Dang. Spika Job Ndugai akamwita Masele arudi nyumbani na kusimamisha uwakilishi wake Midrand, akafikishwa kwenye kamati ya maadili ya bunge la kwao, mwishowe akaomba radhi na bunge likamsamehe.

Jiulizeni. Mtu wa pili kwa ukubwa katika Bunge la bara, amechaguliwa na wabunge wa nchi nyingi, anavutwa kamba na spika mmoja. Wale wengine wanne wafanye nini? Wakae kimya.

#17 Mwanasheria wa Jinja
Kisa hicho kinahitaji kusomwa na ibara ya 5 mkononi. Kiti kinakuwa wazi mjumbe akifa, akijiuzulu kwa maandishi kwa Rais, akishindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili, akiondolewa kwa mwenendo mbaya, akiacha kuwa mbunge wa nchi yake, akirudishwa nyumbani na bunge lake, au nchi yenyewe ikijitoa.

Soma hiyo ya kurudishwa: ni *bunge* la nchi ndilo linalorudisha. Spika peke yake ni bunge? Wapo waliosema ndiyo, kwa sababu yeye ndiye huandika barua. Wapo waliosema mpaka azimio lipite. Midrand wakipokea barua yenye saini ya spika, Katibu hana namna ya kwenda kukagua kama azimio lilipitishwa. Anaipokea.

Pia linganisha uzito. Bunge la Afrika lenyewe likitaka kumwondoa Rais au makamu kwa mwenendo mbaya linahitaji hoja, mjadala, kura ya siri na theluthi mbili ya wabunge *wote*, siyo waliohudhuria. Viti vyote vikijaa ni kura 184. Ikiwa ni kwa maradhi, juu yake iongezwe ripoti ya daktari. Lakini bunge la nchi linamwondoa mtu huyohuyo kwa barua. Mlango mmoja una kufuli tatu, wa pili umefungwa kwa uzi.

#18 Kasese Juu
Hiyo ya kufuli tatu na uzi nitaiiba.

#19 Busia Mpakani
Theluthi mbili ya wote haipatikani hata siku moja. Kanda ya mtuhumiwa ikisusa, na rafiki zao wakisusa, umekwisha. Ndiyo maana ugomvi wa ndani ya Buro haumalizwi ukumbini, unamalizwa kwa kumsubiri mtu apoteze jimbo kwao.

#20 Binti Koboko
Arusha theluthi mbili ilipatikana. Margaret Nantongo Zziwa, Spika kutoka kwetu hapa Uganda, aliondolewa Desemba 2014, na Daniel Kidega akashika. Lakini tazameni ilivyokuwa ngumu, na kwa nini Buro ya Midrand ina faida ambayo Arusha hawana.

Bunge la Afrika Mashariki halina naibu spika. Spika asipokuwepo, wabunge wanachagua mmoja wao aongoze kikao hicho. Sasa hoja ni ya kumwondoa Spika mwenyewe: nani aite kikao, nani aahirishe, nani akae kitini wakati anajadiliwa? Mambo yalivutana miezi, vikao vikaahirishwa, na baadaye Mahakama ya Afrika Mashariki ikaona utaratibu uliotumika haukufuata Mkataba. Kama kungekuwa na makamu waliopangwa kwa namba, swali la nani aongoze lingejibiwa kabla ya ugomvi.

Jambo la pili: aliyemrithi alikuwa Mganda pia, kwa sababu zamu ya miaka mitano ilikuwa ya Uganda. Tanzania walianza na Abdulrahman Kinana, Kenya wakafuata na Abdirahman Abdi, sisi, halafu Martin Ngoga wa Rwanda, kisha Joseph Ntakirutimana wa Burundi. Mtu anaondoka, zamu inabaki.

#21 Busia Mpakani
Dada umepamba sana hiyo zamu. Desemba 2017 Ngoga alichaguliwa wabunge wa Tanzania na Burundi wakiwa nje ya ukumbi. Akidi ya Arusha ni nusu ya waliochaguliwa, na ndani yake iwemo angalau theluthi ya kila nchi, yaani watatu kati ya tisa. Nchi moja ikitoa watu saba nje, Bunge zima linalala. Mabishano ya ile akidi yalisumbua Bunge lile tangu siku ya kwanza. Tanzania na Burundi zote zilikuwa na wagombea wao, kwa hiyo hiyo foleni yenu haikuwa wazi hata kwa waliokuwa ndani yake.

#22 Binti Koboko
Nakubali hapo. Zamu inasaidia pale wote wanapokubaliana inaanzia wapi.

#23 Karani Mstaafu
Msidhani ni Waafrika tu. Bunge la Baraza la Ulaya, Strasbourg, lina buro kubwa: rais, makamu wengi, viongozi wa makundi ya vyama na wenyeviti wa kamati. Machi 2017 rais wao, Pedro Agramunt wa Hispania, alikwenda Syria pamoja na wabunge wa Urusi na kukutana na Assad. Buro ikakasirika, Aprili ikatangaza haina imani naye na kumzuia kusafiri kwa jina la Bunge. Lakini kumwondoa hawakuweza! Kanuni hazikuwa na njia ya kumng'oa rais. Ilibidi kanuni zibadilishwe Juni, na yeye akajiuzulu Oktoba kabla ya kura.

Somo kwa watunga kanuni: huyo alibaki na cheo zaidi ya miezi mitano bila kazi, kwa kukosa ibara moja. Midrand ibara ipo, kura ndizo hazipo. Sijui ipi inauma zaidi.

#24 Boda ya Ntinda
Na ile ya Tulia je? Umoja wa Mabunge Duniani. Naona Watanzania walifurahi sana Oktoba 2023.

#25 Mwanasheria wa Jinja
Dr. Tulia Ackson alichaguliwa Luanda, ndiyo, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushika kiti hicho. Ule ni muundo mwingine kabisa. Rais anachaguliwa kwa miaka mitatu na Baraza la Uongozi, ambamo kila bunge lina kura tatu, bila kujali ukubwa wa nchi. Ujumbe wa jinsia moja unakatwa mpaka wawili. Hilo ni jino kweli: ukileta wanaume watupu, umepoteza theluthi ya sauti yako. Chini yake kuna Kamati Tendaji, Rais na watu 15 wanaochaguliwa na Baraza, pamoja na wanaoingia kwa vyeo vyao.

Na wao wana kamba ileile ya kiti cha nyumbani. Rais akipoteza ubunge kwao, makamu aliyeteuliwa na Kamati Tendaji anashika mpaka Baraza lichague mwingine. Walipokuja Munyonyo, Kampala, Machi na Aprili 2012 kwa mkutano wa 126, Rais wao alikuwa Abdelwahad Radi wa Moroko, na wengi hapa mjini walidhani Spika wetu ndiye mwenye mkutano. Mwenyeji anafungua milango, ajenda siyo yake.

#26 Kasese Juu
Mnasahau dawa iliyokwishaandikwa. Itifaki ya Malabo, Juni 2014. Humo wabunge wa Midrand wangechaguliwa na mabunge ya nchi kutoka *nje* ya wabunge wao. Mtu hana jimbo la kupoteza, hana spika wa kumwita. Kidonda cha Binti Koboko kinapona siku moja. Lakini inahitaji kuridhiwa na zaidi ya nusu ya nchi wanachama, 28, na haijafika.

#27 Busia Mpakani
Nani aridhie? Mabunge. Waliomo mabungeni ndio wanaokwenda Midrand sasa. Unamwambia mtu asaini karatasi ya kumtoa kwenye ndege.

#28 Rolex ya Wandegeya
Hii imenifikia hata mimi.

#29 Mzee wa Bombo
Nimesoma yote. Naona kila mtu ana mwenye nyumba wake: Busia ana kanda, Kasese ana mawaziri, Karani ana sekretarieti, Binti Koboko ana kalenda ya chaguzi. Mwanasheria peke yake bado anawaona wale watano. Mwanasheria, nitajie kitu kimoja ambacho Buro ikikataa, hakuna atakayekilazimisha.

#30 Mwanasheria wa Jinja
Mpangilio wa siku, Mzee. Hoja gani ianze asubuhi na ipi iachwe Ijumaa mchana watu wakiwa na mabegi mlangoni. Mkutano mzima unaweza kubadili ajenda, kweli, lakini anayetaka kuibadili lazima asimame, aeleze, na apate kura. Jambo lililowekwa mwisho linakufa bila mtu kulipinga. Na Buro ikipanuliwa, wakiingia wenyeviti wa kamati na wa makundi ya kanda, kila mwenyekiti anapigania ripoti yake isomwe mapema. Hapo utaona kama wale watano ni mapokezi.

#31 Karani Mstaafu
Na rasimu ya huo mpangilio nani aliichapa? 😁

#32 Boda ya Ntinda
Karani haachi!

Ila nina swali pembeni. Ibara ya 17 ya Itifaki inasema lugha za kazi ni lugha za Kiafrika *kama itawezekana*, pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Umoja wa Afrika ulipitisha Kiswahili Februari 2022. Kwa hiyo Buro inaweza kuandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili leo?

#33 Binti Koboko
Neno ni hilo "kama itawezekana". Kunahitajika wakalimani kwenye vibanda, watafsiri wa nyaraka na fungu la kuwalipa, na fungu linarudi kulekule kwa mabalozi wa Addis Ababa. Na sisi Waganda tusiseme kwa sauti kubwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba yetu tangu 2005, umewahi kusikia hoja ngapi zikijadiliwa kwa Kiswahili pale Parliamentary Avenue?

#34 Kasese Juu
Turudi kwenye mada kabla uzi haujahamia Arua. Mwanasheria, watu watano, mmoja yuko kwao kwenye kampeni, wamebaki wanne, kura mbili kwa mbili. Inakuwaje?

#35 Mwanasheria wa Jinja
Itifaki inampa anayeongoza kikao cha Bunge kura ya uamuzi zikifungana. Mimi nasoma kwamba roho hiyohiyo inaingia ndani ya Buro, maana wako chini ya maelekezo ya Rais hata hivyo.

#36 Busia Mpakani
Mimi sisomi hivyo. Kikao cha Bunge ni cha Bunge, Buro siyo kikao cha Bunge. Zikifungana, jambo limekwama, lirudi kwenye mkutano mzima.

#37 Mzee wa Bombo
Na mkutano mzima ni baada ya miezi mingapi?

#38 Karani Mstaafu
Mitano, sita. Hapo katikati mtanikuta ofisini.